Wasifu wa Mwalimu Abdulhalim Huseni Mbonde, na Neno Aliloomba Lisomwe

Baraza ya nyumba ya Kibiti imenyamaza. Kwa miaka zaidi ya kumi, karibu kila siku baada ya sala ya alasiri, aliyepita njia ile ya nyuma ya soko alisikia sauti ya mtu mzima akisoma sentensi ya Kiingereza, akinyamaza, kisha akiisema sentensi ileile kwa Kiswahili, polepole, kama anayeonja mchuzi. Ikikataa kusemeka, alisikika akiguna na kuikata kwa kalamu. Majirani walimtania, "Mwalimu, imeiva leo?" Naye akajibu, "Bado mbichi katikati." Sasa kiti kipo, meza ipo, na miwani yake ya kusomea ingali juu ya kamusi. Anayepita njia ile hasikii kitu.

Wasifu huu unasomwa leo, Jumamosi tarehe 16 Agosti 2025, hapa Mbwera, katika hitma ya arobaini yake. Anayeusoma ni dada yake mdogo, Johari Huseni. Siku ya mazishi hapakuwa na nafasi ya maneno mengi. Tena marehemu mwenyewe aliacha agizo: "Msinipambe. Someni na lile la Mjomba, mlisome mbele ya watu, kwa sababu niliandika mbele ya watu." Familia ilikaa ikashauriana, maana si desturi yetu kuanika kosa la mtu aliyekwisha kufukiwa. Shehe alipoulizwa naye aliuliza jambo moja tu: "Yeye mwenyewe kasema lisomwe?" Akaambiwa ndiyo. "Basi huo ni wasia. Lisomeni."

Marehemu Abdulhalim alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 hapahapa Mbwera, mtoto wa kwanza wa Bwana Huseni Mbonde na Bi Mwamini Dadi. Baba yake alifariki mwaka 1969, yeye akiwa na miaka sita na Johari akiwa mgongoni mwa mama. Tangu hapo malezi yalibebwa na mjomba wao, Maneno Dadi, mdogo wake Bi Mwamini, aliyekuwa kijana wa miaka ishirini na saba na mkata boriti mwenye kibali. Mjomba alimtembeza mpwa wake ndani ya mikoko kabla hajajua kusoma. Alimfundisha miti ya humo, kuutambua msinzi kwa goti la mzizi wake na mkandaa kwa gome lake, na kwamba mkoko ukikatwa umekwisha, lakini mchu ukikatwa huchipua. Mtoto alikuwa muulizaji. Siku moja aliuliza mara nyingi mno, Mjomba akamwambia, "Halimu, acha na mimi nipumue, hata mizizi ya mchu inapumua."

Alisoma shule ya msingi Mbwera kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, akawa mmoja wa wawili waliochaguliwa mwaka huo kwenda sekondari. Kidato cha kwanza hadi cha nne alisoma Lindi, cha tano na cha sita Tanga. Baada ya mwaka mmoja wa Jeshi la Kujenga Taifa alijiunga na chuo kikuu Dar es Salaam mwaka 1985, akahitimu mwaka 1988 shahada ya ualimu wa sayansi. Bi Mwamini aliposikia mwanawe anasomea biolojia aliuliza ni kitu gani, akaelezwa kuwa ni elimu ya vitu vilivyo hai. "Na hivyo vilivyokufa anasomea nani?" akauliza. Marehemu alikisimulia kisa hicho maisha yake yote, akisema ndilo swali la kwanza la falsafa alilolisikia.

Alifundisha Lindi kuanzia mwaka 1989, akahamia Kibiti mwaka 1997, na huko alidumu hadi alipostaafu, ukiondoa miaka miwili aliyokwenda Ruaruke kusaidia kuanzisha shule ya kata. Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Umejuaje. Jina hilo lilitokana na kalamu yake nyekundu, kwani hakuwa na kawaida ya kuandika "kosa" kwenye daftari la mtoto. Aliandika "Umejuaje?" Ukipata jibu sahihi aliandika hivyohivyo. Wapo madaktari, mabwana mifugo na mama wa nyumbani ambao hadi leo wana madaftari yenye swali hilo kila ukurasa.

Tarehe 19 Desemba 1992 alifunga ndoa na Bi Fatu Swalehe huko Umwe. Wiki ya kwanza ya ndoa alimuuliza mkewe jikoni, "Umejuaje kuwa chumvi imetosha?" Bi Fatu akamsogezea sahani. "Kula kwanza, bwana, halafu uniambie wewe umejuaje." Waliishi miaka thelathini na miwili na miezi, na Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto watatu: Yasmin, Huseni na Nasra.

Lile aliloomba lisomwe lina asili yake darasani. Mwaka 2006 alikuwa akifundisha kidato cha tatu maana ya kiumbe hai. Msichana mmoja aliyetoka huku visiwani akanyoosha mkono. "Mwalimu, mchu uliokatwa ukachipua, ni ule ule au ni mwingine?" Mwalimu akafungua mdomo kujibu. Kila jibu aliloliwaza lilikuja na swali lake jekundu. Akamwambia yule binti, "Nipe wiki moja." Wiki hiyo ikawa miaka kumi na tisa.

Kwa ajili ya swali hilo alirudi chuoni akiwa na umri wa miaka arobaini na saba, akapata shahada ya pili, ya falsafa, mwaka 2012. Alijikita katika falsafa ya biolojia. Watu wakimuuliza ni nini, alisema, "Mwanabiolojia huhesabu viumbe. Mimi ninauliza tunaposema 'kimoja' tunahesabu nini." Mwaka 2013 akaanza kuandika muswada wa makala kwa ajili ya jarida la kitaaluma la nje. Kazi ya namna hiyo wengi wetu hatuifahamu. Haina posho. Unaandika kurasa thelathini, unazipeleka, na wasomi wawili usiowajua, ambao nao hawakujui, wanazisoma na kukuambia zina ubovu gani. Muswada wa kwanza ulikataliwa mwaka 2019. Akaufumua wote, akaufuma upya, akaupeleka kwenye jarida jingine mwishoni mwa mwaka 2022.

Moyo wa makala yake ulikuwa mfano mmoja. Alieleza jinsi wakata boriti wa delta hii yetu wanavyoamua kama machipukizi ya shina la mchu ni mti mmoja au miti mingi, na akamnukuu mjomba wake. Safari hii wale wasomi waliipenda kazi. Mmoja wao aliandika tu hivi kwenye ukurasa wa kumi na moja: mwandishi amejuaje? Mtu huyu ni nani, alisema lini, na ameridhia maneno yake yatumike? Mhariri akaambatisha fomu ya ridhaa. Kama mnukuliwa yu hai, aweke sahihi au dole gumba. Kama amefariki, mwandishi aseme hivyo, na fomu haitahitajika. Mwisho wa kurudisha ulikuwa Ijumaa, tarehe 17 Machi 2023.

Maneno yale aliyasikia akiwa mtoto wa miaka tisa, na hakuwahi kurudi kumuuliza aliyeyasema kama aliyasikia vizuri.

Alikwishaomba kuongezewa muda mara moja, akaona haya kuomba tena. Jumatatu tarehe 13 alikwenda Nyamisati na fomu mkobani, atafute boti ya kumpeleka kwa Mjomba. Mwenye boti akamcheka. "Mwalimu, maji mafu haya. Kile kijito cha kwa mjomba wako sasa hivi ni tope tupu, boti haiingii mpaka bamvua la wiki ijayo, maji yakijaa." Angeweza kushuka Mbwera na kutembea hadi kwa Mjomba, tope la magoti, mwendo wa saa tatu hivi. Baadaye alisema kuwa alilifikiria tope lile akiwa amesimama gatini, akakumbuka kwamba kesho yake ni sherehe ya kumuaga kazini, akageuka. Kesho yake mkuu wa shule alitangaza mbele ya wazazi na wanafunzi kwamba mwalimu wao anastaafu huku makala yake ikikaribia kutoka ng'ambo. Wakapiga makofi. Naye akasimama akainama.

Alhamisi tarehe 16, mvua ikinyesha, aliketi barazani na Johari, aliyekuwa mpiga chapa wa ofisi za wilaya na ndiye aliyemchapia muswada tangu ukurasa wa kwanza. Akamsomea sahihisho la ukurasa wa kumi na moja. Vidole vya Johari vikasimama.

"Kaka. Mjomba amefariki?"

"Andika tu, Johari."

"Nauliza, amefariki?"

"Hajafariki. Ni karatasi tu hii, inakwenda Ulaya. Nani wa Mbwera ataisoma?"

Johari akaandika. Anayesoma hapa hataki kujitoa katika hesabu: neno "marehemu" lililotangulia jina la mjomba wao lilipigwa kwa vidole vyake, na aliliandika akijua. Alipomaliza alikwenda jikoni kunywa maji. Alipotoka kaka yake alikuwa ameshaupeleka muswada kwa mtandao.

Tarehe 9 Juni makala ikakubaliwa. Bi Fatu alipika pilau, majirani wakaja, mtu mmoja akaleta soda kreti zima. Mwenye sherehe alikula matonge mawili. Tangu hapo alibadilika. Mtu akimsalimu, "Mjomba hajambo huko Mbwera?" alijibu upesi mno, hajambo hajambo, kama anayefukuza kuku. Mwezi huo aliacha kusoma sentensi zake kwa sauti. Bi Fatu alidhani ni upweke wa kustaafu. Sala alizirefusha. Mara mbili alifunga safari ya Mbwera na mara mbili akaishia kwenye kituo cha basi.

Mwezi wa Agosti Mjomba akaja mwenyewe. Alikuwa na mtoto wa jicho, akapasuliwa jicho la kulia, na daktari akataka akae Kibiti siku tisa kabla ya kurudi kwenye moshi na chumvi. Akakaa kwa mpwa wake. Siku ya nne, tarehe 22, ikaingia kwenye simu rasimu ya mwisho ya makala, jinsi itakavyotoka jaridani. Mwandishi alipewa siku tatu kusahihisha. Johari aliichapa kwenye karatasi, akampelekea kaka yake barazani. Mjomba alikuwa pale kwenye mkeka, bandeji jichoni. Bi Fatu alikuwa akichambua mchele.

"Ndiyo ile ya mikoko?" Mjomba akauliza.

"Ndiyo, Mjomba."

"Nisomee. Kwa lugha ya watu."

Akaanza kusoma, akiigeuza kwa Kiswahili sentensi moja moja kama alivyozoea. Mjomba alisikiliza akitikisa kichwa, mara akacheka, mara akasema, "Hapo umepatia." Wakafika ukurasa wa kumi na moja.

"Hapo umeruka kitu."

"Sijaruka, Mjomba."

"Halimu, bovu jicho. Sikio zima. Umefika kwenye jina langu ukavuta pumzi kama mtu anavuka tope. Rudi nyuma."

Mwalimu akarudi nyuma. Akasoma: "Kama alivyoeleza marehemu Maneno Dadi, mkata boriti wa Mbwera..."

Mikono ya Bi Fatu ikasimama juu ya ungo.

"Nani marehemu?"

"Wewe, Mjomba."

"Nimekufa?"

"Kwenye karatasi."

"Lini?"

"Machi."

"Machi nilikuwa shambani, napandikiza mpunga. Mbona hamkuniambia?" Bi Fatu akaangua kicheko, akaziba mdomo kwa khanga. Mjomba hakucheka. "Aliniosha nani, wewe? Hitma yangu mlipika nini?"

"Mjomba, nisamehe. Walitaka dole gumba lako, maji yalikuwa mafu, na muda..."

"Dole hili hapa. Maji mafu siku tano yamekwisha. Ungengoja." Akalishusha dole lake. "Haya, nisomee hayo niliyosema nilipokuwa hai."

Akasoma. Makala ilisema kwamba kwa mkata boriti wa Mbwera machipukizi yote ya shina moja la mchu ni mti ule ule, daima, hata shina likioza.

"Sikusema hivyo."

"Ulisema, Mjomba. Mimi nilikuwepo."

"Ulikuwepo una miaka tisa na homa. Nilisema hivi: shina likiwa bado bichi, machipukizi ni mti mmoja. Shina likioza katikati, angalia. Kata chipukizi moja. Mwenzake akinenepa, ni mti mmoja, amepata chakula kilichokuwa kikienda kule. Mwenzake asipokuwa na habari, basi ni wawili, wamesimama tu pamoja. Hilo ndilo nililosema, na ndilo wanalojua wakata boriti wote. Ungekuja kuniuliza ningekuambia." Akajilaza kwenye mkeka, akageukia ukutani. "Lakini maiti raha yake hiyo. Habishi."

Waliokuwapo wanasema mwalimu alikaa na zile karatasi mapajani mpaka adhana ya magharibi. Aliona wazi kilichotokea. Neno lile moja lilikuwa limefunga mlango ambao jibu lenyewe lingepitia. Alimwandika mtu amekufa ili asimuulize, na kwa kutomuuliza akaandika uongo wa pili bila kujua, nao ndio ulioibeba makala yote.

Kesho yake Johari alimpa njia ya kutokea. "Waambie ni kosa la chapa. Nibebeshe mimi. Mjomba akishatia dole, yale mengine utarekebisha kidogo kidogo."

"Nimemuua Mjomba," kaka yake akamjibu, "sasa nikuchinje na wewe?"

Alhamisi tarehe 24 Agosti 2023 alimwandikia mhariri barua. Alisema kwamba mtu aliyemwita marehemu yu hai na yuko nyumbani kwake akinywa uji, kwamba alijua hivyo alipoandika, na kwamba mtu huyo anayakana maneno aliyonukuliwa. Jibu lilikuja baada ya siku sita, mistari minne, bila ukali. Makala iliondolewa. Miaka kumi ya kazi iliishia hapo. Kwa walioalikwa pilau alikwenda nyumba hadi nyumba kuwaambia mwenyewe. Baadhi yao hawakuelewa kilichoharibika. Mzee mmoja jirani alimpa pole kama aliyeibiwa baiskeli.

Mjomba alirudi Mbwera jicho likiwa zima. Kabla ya kupanda gari mpwa wake alimshika mkono akamwomba radhi mara ya pili. Mjomba akasema, "Radhi yangu utaipata siku utakaponiandika tena niko hai, na maneno yangu yakiwa yangu. Makala hiyo ikitoka, niletee."

Mwaka 2024, kila bamvua hadi alipougua, mwalimu mstaafu alionekana gatini Nyamisati na mkoba wake wa plastiki. Mwenye boti, yule yule, aliacha hata kumuuliza anakwenda wapi. Maji yakitoka, alitembea tope alilolikwepa. Pamoja na Mjomba walichagua mashina kumi na manne ya mchu, mabichi saba na yaliyooza saba, wakakata chipukizi moja katika kila shina, na kila mwezi wakapima unene wa lililobaki kwa uzi wenye mafundo. Walibishana kama vijana. Mjomba alimkaripia kwa kufunga fundo vibaya, naye kila mara alimuuliza Mjomba swali lake la daftarini, mpaka siku moja mzee akatupa uzi majini. "Umejuaje, umejuaje! Nimejua kwa sababu sikuwa nimekaa barazani!" Kisha akaingia majini mwenyewe kuuokota.

Muswada mpya uliandikwa hivyo, na safari hii kila sentensi iliyomhusu Mjomba alisomewa Mjomba. Jarida lilitaka maneno yasiyozidi elfu nane pamoja na tanbihi, na ikisiri, yaani muhtasari, ya maneno mia mbili. Ikisiri hiyo peke yake iliandikwa mara kumi na tisa. Lilitaka pia majina ya waandishi yaondolewe ndani ya kazi, ili wasomi wanaoipima wasijue ni ya nani. Mjomba aliposikia akakunja uso. "Tena mnaniondoa?" Mpwa wake akamwonyesha ukurasa wa mbele, unaokaa peke yake kwa mhariri: waandishi ni Abdulhalim Huseni Mbonde na Maneno Dadi Kigumi. Mzee akauliza lipi ni jina lake, akawekewa kidole hapo, akapaangalia kwa jicho lake jipya muda mrefu.

Novemba 2024 miguu ya marehemu ilianza kuvimba. Desemba madaktari wa Dar es Salaam walisema figo zote mbili zimechoka. Akahamia kwa mwanawe Huseni kule Dar, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Muswada alikwenda nao hospitali. Muuguzi mmoja alimwona na kalamu nyekundu akiwa kwenye mashine. "Mzee, unasahihisha mitihani ya nani?" "Mtihani wangu," akamjibu. Mwezi wa Mei mwili ulianza kuikataa mashine, na katikati ya Juni aliomba arudishwe Kibiti. Alisema imebaki sehemu moja, nayo haiwezi kusomwa kwa simu.

Mjomba alikuja kwa bamvua la tarehe 27 Juni. Kwa siku mbili mgonjwa alisoma kwa sauti, amelala, Johari akiwa na kompyuta kando ya kitanda. Mjomba alirekebisha mahali pawili. Jumapili tarehe 29 alitia dole gumba kwenye fomu ya ridhaa, akapaka wino hadi kwenye kanzu.

Baada ya hapo mgonjwa akamwambia, "Mjomba, sasa uniradhie."

"Nilisema ikitoka."

"Huenda nisiione ikitoka."

"Utaiona. Wewe pona kwanza, acha haraka. Haraka ndiyo iliyoniua mimi." Wakacheka wote wawili. Jumanne, tarehe 1 Julai, Mjomba akarudi kutazama mpunga wake.

Mwalimu Abdulhalim alifariki nyumbani kwake Kibiti siku ya Jumanne, tarehe 8 Julai 2025, muda mfupi baada ya adhuhuri, mkewe na Johari wakiwa kando yake. Aliaga dunia na umri wa miaka sitini na miwili. Alikuwa ameagiza azikwe Mbwera. Kesho yake mwili uliteremshwa Nyamisati na kuvushwa kwa maji ya alasiri.

Msikitini, kabla ya sala ya maiti, imamu aliuliza kama ilivyo desturi: aliye na dai lolote kwa marehemu aseme. Mzee Maneno akasimama katika safu ya kwanza. Waliojua habari wakatazama chini.

"Langu lipo," akasema. "Aliniomba radhi wiki iliyopita, nikamnyima. Nilijua mimi ndiye nitakayetangulia, nikaona nina muda wa kumfanyia ukaidi. Nimemradhia. Sijui kama anasikia." Akaelekeza mkono upande wa makaburini. "Na kaburi msichimbe kule mlikopima. Kuna mahali nilijiwekea, kando ya dada yangu Mwamini. Mpeni yeye. Mimi mtanitafutia."

Muswada ulipelekwa na Johari siku ya Jumatatu, tarehe 21 Julai. Kwenye ukurasa wa mbele, kwa mujibu wa taratibu za jarida, ilimbidi kuandika ni yupi kati ya waandishi wawili aliye hai. Majibu huchukua miezi sita au zaidi. Yakija, mema au mabaya, yatasomwa hapa Mbwera, kwa lugha ya watu.

Marehemu ameacha mke, Bi Fatu Swalehe, watoto watatu, Yasmin, Huseni na Nasra, wajukuu wanne, dada, Johari, na mjomba, Mzee Maneno Dadi Kigumi, mwenye umri wa miaka themanini na mitatu, ambaye yupo hapa, mbele kulia, na yu hai. Familia inawashukuru waliomuuguza Kibiti na Dar es Salaam, wenye boti waliomvusha, na nyote mliofika. Aliyekosewa naye kwa neno au kwa kalamu, tunamwombea marehemu radhi kwenu. Mola ampe nafasi pana na utulivu, na ukweli alioutafuta mwishoni aukute huko umemtangulia.

Amezikwa Mbwera, katika makaburi ya nyuma ya msikiti, safu ya pili, upande wa kushoto wa mama yake.